Ikoni za deskitopu zimegeuka karatasi nyeupe: ni kirusi, au ni fleshi?

"Habari za kazi fundi. Mimi ni dada mwenye stationari ndogo, kompyuta tatu, zote Windows 10. Deskitopu zilikuwa zimejaa vifolda vya njano vinavofanana, msaidizi wangu anaombwa fomu ya pasipoti anafungua CV za watu. Nikashusha mafaili mawili ya ikoni, moja linaishia na .icl jingine .dll, ndani mna ikoni kibao. Nikayaweka kwenye fleshi yangu, Jumapili nzima nikakaa nabadilisha shotikati moja moja, zikapendeza kweli. Jumatatu mchana nyingi zimekuwa karatasi nyeupe. Nikachomeka fleshi, zingine zikarudi zingine wapi. Kompyuta ya pili hivyohivyo. Kijana wa jirani anasema ni kirusi kimeingia kupitia hiyo .dll, zote zipigwe windows upya, elfu ishirini kila moja. Naogopa maana nasikia .dll ndo mafaili yenyewe ya Windows. Halafu logo yetu ya .png nilibadilisha jina mwisho nikaweka .ico, ikakataa kabisa. Je ni kirusi kweli? Na nifanyeje zisipotee tena?"

Dada yangu, hiyo elfu sitini iache kwanza kwenye droo. Kwa ulivyoeleza sioni kirusi hapo, naona fleshi. Ila usiniamini tu kwa maneno, hakikisha mwenyewe, ni kazi ya dakika moja.

Chukua shotikati moja iliyogeuka karatasi nyeupe, ibofye kulia, chagua "Properties", kwenye kichupo cha "Shortcut" angalia chini utaona kitufe kimeandikwa "Change Icon", kibonyeze. Kama ni kile ninachokidhani, kabla hata ya kukuonyesha picha zozote Windows itatoa kiboksi inalalamika kwamba haioni faili fulani, na itakutajia faili lenyewe na mahali pake, kitu kama E:\ikoni\ofisi.icl. Hiyo herufi E ndo fleshi yako. Kompyuta inakwambia kabisa, mama, ulinituma nikachukue picha kwenye E na mimi E siioni.

Kosa lilipo ni kwamba wengi tunadhani ukibadilisha ikoni ya shotikati basi ile picha inaingia ndani ya shotikati na kukaa humo. Haiingii. Shotikati ni kifaili kidogo sana kinachoishia na .lnk (Windows inaificha hiyo .lnk ndo maana hujawahi kuiona), mara nyingi hakifiki hata kilobaiti tano, na kazi yake kubwa ni kubeba anwani. Anwani ya kwanza ni ya kitu kinachofunguka ukibofya. Ya pili ni ya mahali picha ilipo, pamoja na namba ya picha ndani ya faili hilo. Kwahiyo kila deskitopu inapochorwa Windows inasoma anwani ya pili, inakwenda mpaka kwenye faili, inahesabu mpaka ifike picha ya namba uliyochagua, inaileta. Ikikuta faili halipo inakupa karatasi nyeupe. Na kuna upendeleo fulani hapo: kile kitu kinachofunguka ukikihamisha, Windows huwa inajitahidi kukitafuta kimeenda wapi, lakini anwani ya picha haihangaiki nayo hata kidogo.

Sasa njoo kwenye mazingira yako maana hapo ndo patamu. Stationari kutwa nzima ni fleshi za watu, huyu kaleta CV, yule kaleta ripoti ya fildi. Herufi E siyo mali ya fleshi yako, ni kama kiti cha daladala, aliyewahi ndo anakaa. Jumapili ulikuwa peke yako, ukachomeka ya kwako ikapewa E, shotikati zote zikaandikwa "picha zipo E". Jumatatu mteja kachomeka ya kwake ikakaa E, we ukachomeka ya kwako ikapewa F. Windows inakwenda kutafuta ikoni zako kwenye fleshi ya mteja, itazipata wapi? Ndo maana hata ulipochomeka fleshi sahihi bado kuna zilizogoma.

Na zile zilizorudi au ambazo hazikupotea kabisa? Hapo kuna kitu kinaitwa kache ya ikoni. Windows haipendi kwenda kwenye faili kila sekunde, kwahiyo picha ilizokwisha kuzichora inajiwekea nakala pembeni, kwenye mafaili yanayoanza na iconcache ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Explorer. Nakala ikiwepo unaiona picha hata kama fleshi iko kwenye pochi. Siku Windows ikiamua kuziandaa upya nakala zake ndo ukweli unajulikana. Kwahiyo mchanganyiko ule wa hii ipo hii haipo, ambao ndo uliomfanya kijana wa watu aone kirusi, umetokana na herufi ya fleshi na kache kwa pamoja.

Tuje kwenye .dll. Ni kweli mafaili mengi ya Windows yanaishia hivyo, lakini .dll ni aina ya boksi tu, siyo jina la kitu kimoja. Ndani ya boksi mnaweza kuwa na programu, mnaweza kuwa na maandishi, mnaweza kuwa na picha, na mengine yana picha tupu hayana kingine. Windows yenyewe imetunza ikoni zake hivyo miaka yote. Kuna shell32.dll, kuna imageres.dll iliyokuja na Vista, kuna moricons.dll ambayo ni ya tangu enzi za Windows 3.1, ukiifungua leo utakuta vikoni vya programu za DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) ambazo wengine hamkuwa mmezaliwa, mimi huwa naifungua kwa kujifurahisha tu. Hiyo .icl nayo ni ndugu wa hukohuko zamani, kimsingi ni .dll ya kizamani iliyobebeshwa ikoni peke yake na kubadilishwa jina la mwisho. Windows ya leo bado inaisoma, ila ikoni za .icl nyingi zilichorwa ndogo, piseli 32 kwa 32, kwahiyo kwenye skrini kubwa zinatoka na ukungu. Ukiona ikoni imefifia usidhani skrini inakufa.

Na kusoma siyo kugusa. Ukiingia kwenye "Change Icon" ukaandika C:\Windows\System32\shell32.dll ukachagua picha, hujabadilisha chochote ndani ya shell32, ni sawa na kusoma tangazo ukutani, ukuta haujafanywa kitu. Kinachoua Windows ni kulifuta faili hilo, au kulihamisha, au kulifungua na programu ya kuhariri ukachomoa picha za mle ukaweka za kwako. Enzi za XP watu walikuwa wanafanya sana huo mchezo ili Windows nzima ibadilike sura, na sisi mafundi tulikula sana hela zao. Siku hizi hata ukitaka kujaribu utachanganyikiwa, maana tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019 picha zenyewe zilihamishiwa kwenye mafaili mengine yanayoishia na .mun, ndani ya C:\Windows\SystemResources. Ila we endelea kuandika anwani ileile ya shell32.dll, Windows inajua yenyewe pa kwenda.

Sasa kirusi. Sitaki nikwambie haiwezekani kabisa halafu kesho unikamate uongo. Windows inapochukua ikoni tu kwenye .dll, kwa kawaida inalifungua lile boksi kama data, inatoa picha, programu ya mle ndani haiendeshwi. Kwahiyo kuchagua ikoni peke yake si njia ya kirusi kuingia. Lakini iliwahi kutokea. Mwaka 2010 kampuni ya VirusBlokAda ya Belarus ilikigundua kirusi kilichokuja kuitwa Stuxnet, kile kilicholenga mitambo ya nyuklia ya Iran, na njia yake mojawapo ya kusambaa ilikuwa hiihii ya shotikati kwenye fleshi. Kulikuwa na aina fulani ya shotikati, za Control Panel, ambazo Windows ilipotaka kuchora ikoni yake ililiendesha boksi zima badala ya kulisoma tu, kwahiyo mtu akifungua fleshi kuangalia kilichomo, hajabofya chochote, imeshaingia. Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tarehe 2 Agosti 2010. Kompyuta zako za Windows 10 zilizaliwa baada ya hapo, ila tundu linalofanana na hilo lilikuja kuonekana hata kwenye Windows 10 likazibwa Juni 2017, kwahiyo kama zimepokea masasisho tangu hapo huo mlango umefungwa.

Kinachonipa wasiwasi kwenye stationari ni kirusi kingine, kile cha mtaani, kinachoficha folda za mteja kwenye fleshi na kuweka shotikati zenye jina lilelile na sura ileile ya folda ya njano. Na sura hiyo huwa kinaichukua hukohuko shell32.dll, picha namba 3, ambayo ni ya nne maana hesabu inaanzia sifuri, kwahiyo kwa macho folda ni folda. Cha kuangalia siyo ikoni, ni ule mstari wa "Target" kwenye Properties. Shotikati yako halali itaonyesha folda lako au programu unayoijua, Word, Chrome, skana. Ukikuta Target inaanza na cmd.exe au wscript.exe au powershell na maandishi marefu yasiyoeleweka na wewe hukuitengeneza, usiibofye, hapo ndo tuongee habari za kirusi. Kwa hiyo pita shotikati zako tatu nne hivi kwa kila kompyuta uangalie Target. Zikiwa safi, mwambie kijana ahsante.

Ila yale mafaili uliyoshusha, .icl sina neno nayo sana, hiyo .dll kama hujui imetoka kwa nani ipitishe kwenye antivirasi kwanza. Na ukikuta mahali wanakwambia "ikoni mia tano bure" halafu kinachoshuka ni .exe unatakiwa ui-instoli, achana nacho. Ikoni haziinstoliwi, ni picha. Ukiweza kupata .ico moja moja ndo salama zaidi na ndo mimi ninachotumia kwa wateja wangu, maana .ico haina pa kuficha programu na ukihama nayo unajua umebeba nini. Faida ya .icl na .dll ni moja tu, ikoni mia kwenye faili moja badala ya mafaili mia yaliyozagaa. Kwa stationari inayohitaji ikoni kumi na mbili hiyo faida siioni.

Haya, dawa. Fungua diski C, tengeneza folda iite Ikoni tu, yaani C:\Ikoni, bila nafasi bila mbwembwe. Usiiweke ndani ya Documents, usiiweke ndani ya Downloads maana huko kuna siku mtu atafanya usafi afute, na kama mnatumia OneDrive usiiweke humo pia kwa sababu kuna mafaili huwa yanabaki kwenye intaneti yanaletwa yakihitajika, bando likiisha ikoni nazo zimeisha. Nakili mafaili yako ya ikoni toka kwenye fleshi yaingie humo, chomoa fleshi iweke mbali kabisa ili usijidanganye. Halafu rudi kwenye shotikati, Properties, "Change Icon", na kwenye kile kisanduku cha juu andika C:\Ikoni\ofisi.icl au jina lolote ulilonalo, bonyeza Enter, picha zitajipanga hapo chini, chagua, OK, halafu OK nyingine ya nje. Ile OK ya nje watu wanaisahau wanafunga kwa X, kazi yote inapotea, halafu wanasema Windows imegoma.

Usirudie Jumapili yako mara tatu. Fanya kwenye kompyuta moja mpaka uridhike, halafu nakili folda zima la Ikoni uweke C ya kompyuta ya pili na ya tatu, mahali palepale na jina lilelile, kisha nakili na shotikati zenyewe. Kwa kuwa anwani inafanana picha zitatokea zenyewe. Ila kumbuka kuna anwani mbili. Kama shotikati ya fomu inaelekea C:\Users\Fulani\Documents\Fomu, kwenye kompyuta ya pili huyo Fulani hayupo, picha itatokea nzuri lakini ukibofya hakuna kitu. Kwahiyo na mafolda ya kazi nayo yape makao yanayofanana kote, mimi huwa naweka C:\Kazi, ndani yake Fomu, CV, Pasipoti saizi, Skani.

Na kabla hujashusha ikoni zingine popote, angalia ulizonazo bure. Kwenye "Change Icon" andika C:\Windows\System32\imageres.dll utapata nyingi nzuri na kubwa, na ddores.dll hukohuko System32 ina picha za vifaa, printa, kamera, simu, keyboard, yaani kama imetengenezwa kwa ajili ya stationari. Hizi zina uzuri mwingine, zipo kwenye kila kompyuta ya Windows 10, hakuna cha kunakili wala cha kupotea.

Hiyo logo. Kubadilisha jina la mwisho hakubadilishi kilichomo, ni kama kuchukua chupa ya mafuta ya taa ukabandika lebo ya asali. Faili la .ico lina mpangilio wake, na ndani linabeba picha ileile kwa saizi kadhaa, kwa kawaida 16, 32, 48 na 256, ili Windows ichague kulingana na mahali inapoonyesha. Tumia GIMP, ni ya bure. Fungua logo yako, ikate iwe mraba, ipunguze iwe 256 kwa 256, nakili hiyo leya (layer, yaani tabaka la picha) mara tatu na kila nakala uipunguze, moja 48, moja 32, moja 16, halafu "Export As" uandike logo.ico, kila leya itakuwa saizi yake ndani ya faili. Mandharinyuma yasiwe meupe, yafute yabaki wazi, la sivyo utapata kikaratasi cheupe chenye logo katikati. Na nikwambie ukweli, logo yenye jina zima la ofisi na namba ya simu haitasomeka. Ikoni ya kawaida ya deskitopu ni piseli 48, hapo maneno yanakuwa vumbi. Chukua herufi moja ya jina au kile kialama, rangi ya ofisi, inatosha.

Umefanya yote na bado kuna karatasi nyeupe? Ndo ile kache imeng'ang'ania. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ie4uinit.exe -show, Enter. Hakuna kitakachofunguka, usishangae, deskitopu itapepesa kidogo au hata isipepese. Ikishindikana fungua Task Manager, tafuta Windows Explorer, ibofye kulia uchague "Restart", mstari wa chini utapotea sekunde mbili tatu halafu urudi. Hapo tisa kati ya kumi zinakuwa zimepona. Kama ikoni iliyogoma ni ile iliyobandikwa kwenye mstari wa chini wa skrini, ile ni nakala nyingine ya shotikati inajitegemea, ukibadilisha ya deskitopu yenyewe haijui. Ibandue, ubandike tena ile mpya. Na shotikati ikikudai nenosiri la admin ni kwamba ipo kwenye deskitopu ya watumiaji wote, C:\Users\Public\Desktop, ingia na akaunti ya admin umalize.

Kuna ofisi za intaneti huwa zimewekewa programu ya kugandisha kompyuta, ukizima ukiwasha inarudi ilivyokuwa. Kama kompyuta zako ulizinunua kwa mtu aliyekuwa na internet café, ulizia hilo kabla ya kuanza, maana utahangaika mwezi mzima.

Kitu kimoja nakuomba usifanye. Utakutana na maelezo ya kuondoa kile kimshale kidogo kwenye kona ya shotikati, kwa kuingia kwenye rejista (registry, mahali Windows inapotunza mipangilio yake). Inawezekana, na deskitopu inapendeza kweli. Usiondoe. Mimi niliwahi kumwondolea mteja mmoja kwa kuwa aliomba, na nikaenda mbali zaidi nikampa na mafolda yake ya kweli ikoni nzuri kama za shotikati (folda nalo linabadilishwa, Properties kichupo cha "Customize"). Wiki haikuisha, kijana wake wa pale akaona kuna vitu viwili vinafanana deskitopu, akajua kimoja ni shotikati tu, akafuta na pipa la taka akalimwaga. Kumbe aliyoifuta ndo folda yenyewe, kazi za wateja za miezi mitatu. Tulirudisha kiasi kwa programu ya kuokoa mafaili, siyo vyote, na bili ile sikumpelekea. Ukifuta shotikati hujapoteza kitu, ukifuta folda umefuta vilivyomo, na kinachomwambia msaidizi wako tofauti ni kile kimshale tu. Ndo maana nasema mafolda ya kweli yakae C:\Kazi, deskitopu zikae shotikati peke yake.

Pia usizidishe. Ikoni zikiwa arobaini, kila moja na madoido yake, ni kama vile zote za njano, jicho halina pa kushika. Zipe tofauti ya rangi na umbo, siyo uzuri. Fomu ziwe kijani, picha za pasipoti uweke kichwa cha mtu, skana uweke skana. Zile zinazofunguliwa mara moja kwa mwezi zitoe deskitopu.

Sasa lini umwite fundi aje akae na mashine. Ukikuta Target ya ajabu kama nilivyosema. Mafolda ya wateja yakigeuka shotikati kwenye kila fleshi inayochomekwa kwako, hapo kirusi kipo kwenye kompyuta na unawasambazia watu, simamisha hiyo mashine. Au siyo shotikati tu bali mafaili yenyewe, Word, picha, PDF, yote yamebadilika sura na mwisho wa majina kumeongezwa herufi usizozijua, hapo zima kompyuta palepale, chomoa intaneti, usijaribu dawa yoyote ya nyumbani, ita mtu. Na fundi yeyote atakayeanza na neno kupiga windows kabla hajafungua Properties ya shotikati hata moja, mwombe akuonyeshe huyo kirusi ni yupi na yuko wapi, na mafaili yako yahamishwe kwanza. Kijana wa jirani sisemi ni mwizi, wengi wanajua hiyo dawa moja tu na wanaitoa kwa kila ugonjwa. Ingawa siku ikifika ya kuzipiga kweli, tizama kama zinaweza kupokea Windows 11, kwa sababu Windows 10 Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na stationari inayopokea fleshi za kila mtu siyo mahali pa kukaa bila masasisho kwa muda mrefu.

Ukimaliza usiangalie we mwenyewe kama zimependeza. Mwite msaidizi wako akae mbele ya skrini, we kaa upande wa mteja, mwambie naomba fomu ya pasipoti, naomba kuskani cheti, naomba CV yangu ya juzi. Usimwonyeshe kwa kidole. Ile atakayosita nayo kuitafuta, hiyo ndo ikoni ya kubadilisha tena.